Taka hutengwa jikoni, lori likazichanganya

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka Wakenya watenge taka zinazooza na zisizooza pale pale zinapozaliwa. Kwa wanaoishi kwa biashara ya mabaki jijini Nairobi, hiyo ingekuwa neema.

Mfanyabiashara mmoja anayefuga mabuu ya nzi viungani mwa jiji, na kuyauza kama chakula cha kuku na nguruwe, anasema neema hiyo bado hajaiona. Kila gunia la taka analoletewa la kulishia mabuu hulimwaga juu ya turubai. Yanatoka maganda ya viazi, mabua ya sukuma wiki na mabaki ya ugali. Halafu inatokea nepi, betri, kipande cha chupa. Vibarua wake huchambua kwa mikono asubuhi nzima, na ujira wao unakula faida. Taka mbichi nazo hazisubiri: zikilala siku mbili juani, huchacha na kutoa maji.

Linalomuuma zaidi ni hoteli zilizokubali kutenga, zikanunua mapipa mawili, kisha zikaona mzoataka akiyamwaga yote katika lori moja. Ada ya kuzoa ilibaki ile ile. Baadhi zimerudia pipa moja, naye hana la kuwaambia.

Afisa mmoja wa mazingira anasema utengaji unaendelea vizuri, na kwamba jiji huzalisha takriban tani 2,400 za taka kwa siku, zaidi ya nusu zikiwa za kuoza. Tarakimu hiyo imetajwa miaka nenda miaka rudi, huku mitaa mipya ikizuka kila upande. Alipoulizwa ni malori mangapi yenye sehemu mbili, hakutoa idadi. Jaa la Dandora, lililotangazwa kujaa mwaka 2001, lingali linapokea mzigo.

Soko huenda likasaidia pale sheria inapolegea. Omena na soya ni ghali kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo, hivyo mabuu yanaweza kupata wanunuzi zaidi. Lakini faida hiyo itategemea usafi wa gunia, na gunia halisafishwi na kifungu cha sheria. Mfugaji wetu ameanza kuwagawia akina mama wa vibanda ndoo zenye vifuniko, kwa pesa zake, na kuzifuata mwenyewe kwa mkokoteni kila jioni.