Mwanza hadi Bukoba kwa ndege: Kwa nini kilomita 174 huchukua dakika 45?

MTU aitazamaye ramani ya Ziwa Victoria huona kuwa Mwanza na Bukoba ni miji jirani iliyotenganishwa na maji tu. Lakini umbali baina yake hutegemea chombo alichopanda msafiri.

Uwanja wa ndege wa Mwanza upo nyuzi 2.44 kusini mwa Ikweta na nyuzi 32.93 mashariki. Ule wa Bukoba upo nyuzi 1.33 kusini na 31.82 mashariki. Tofauti yake ni nyuzi 1.11 kila upande, na karibu na Ikweta uzi mmoja ni sawa na kilomita 111 hivi.

Kwa hiyo ndege hupanda kilomita 123 kaskazini na wakati huohuo husogea kilomita 123 magharibi. Mstari ulionyooka kati ya viwanja hivyo ni kilomita 174 hivi, yaani maili 108.

Kwa barabara, msafiri hulizunguka ziwa kupitia Sengerema, Geita na Muleba, safari ya zaidi ya kilomita 400. Hadi Juni 2025 alilazimika pia kusubiri kivuko baina ya Kigongo na Busisi, ambako sasa kuna daraja la kilomita 3. Meli nayo husafiri usiku kucha.

Ndege ya mapangaboi iendayo kilomita 500 kwa saa ingemaliza kilomita hizo kwa dakika 21. Hata hivyo, ratiba kwa kawaida hutenga dakika 40 hadi 45, na abiria wengi hudhani wanacheleweshwa.

Sababu ni kwamba ratiba huhesabu muda tangu ndege inapoanza kusogea pale ilipoegeshwa hadi inaposimama mwisho wa safari. Humo mna kuzifuata njia za uwanjani, kungoja ruhusa ya mnara, kupaa kwa mwendo wa chini na kujipanga kutua. Katika safari fupi namna hii, ndege huanza kushuka muda mfupi tu baada ya kumaliza kupaa.

Ndiyo maana ndege ya kasi zaidi haileti nafuu kubwa. Iendayo kilomita 650 kwa saa huokoa dakika 5 tu angani, nazo huweza kupotea zote kwa kungoja zamu ya kutua.

Aidha, uwanja wa Bukoba uko ukingoni mwa ziwa, nalo huleta mvua na mawingu ya ghafla. Rubani akikosa kuiona vema njia ya kutulia, hana budi kuzunguka au kwenda kutua kwingine.

Novemba 6, 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba wakati wa hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki dunia. Baada ya hapo ni vigumu kumlaumu rubani anayeamua kugeuza.

Hesabu hii inawahusu zaidi wagonjwa wa Kagera wanaopewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando. Mwenye miadi ya saa nne asubuhi asipange kwa dakika 21 wala kwa 45. Aongeze muda wa kufika mapema uwanjani, na kilomita 10 hivi kutoka uwanja wa Mwanza hadi mjini.