Vayoli: Muziki Usio na Kiongozi

Mnamo mwaka 1680 Henry Purcell, kijana wa London, aliandika kipande cha ala tano ambamo mpigaji mmoja amepewa noti moja tu. Anaianza mwanzoni na kuishikilia hadi mwisho, haipandi wala haishuki. Wenzake wanne wanaizunguka: wanakimbizana, wanapunguza mwendo, wanazama kwenye huzuni, wanaibuka. Kila wanapobadili njia, noti ileile inasikika kana kwamba imezaliwa upya.

Ala hizo ni vayoli. Msikilizaji wa taarab aliyezoea fidla asidanganyike na kufanana kwa umbo, kwani vayoli haiwekwi begani. Hata ile ndogo kabisa hukalishwa mapajani, na kubwa hubanwa katikati ya miguu. Upinde hushikwa kiganja kikitazama juu. Nyuzi ni sita, na shingoni hufungwa vikamba vya utumbo wa mnyama vinavyofanya kazi ya vyuma vya gitaa. Sauti yake ni nyororo, yenye mkwaruzo mdogo, na haikukusudiwa kujaza ukumbi. Ziko za aina tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na familia tajiri za Uingereza zilihifadhi seti nzima, mara nyingi sita, ndani ya sanduku moja.

Mfalme Henry wa Nane aliajiri kundi kamili la wapigaji kutoka Italia mwaka 1540. Lakini kilichoupa muziki huu uso wa Kiingereza kilitoka kanisani. John Taverner alikuwa ametunga Misa ya Kilatini juu ya wimbo wa kale wa watawa, na sehemu moja fupi, yenye maneno “in nomine Domini”, iliwapendeza wapigaji mno. Wakaacha maneno, wakaipiga kwa ala. Baada ya hapo kila mtunzi alitaka kuujaribu wimbo huohuo: mmoja anaupiga polepole kwa noti ndefu, wengine wanasuka sauti zao pembeni. Vipande hivyo viliitwa In Nomine. Vilivyosalia vinapita 150, na Christopher Tye peke yake aliandika zaidi ya 20. Tallis, Byrd na Gibbons walijaribu pia, na Purcell akafuata zaidi ya karne moja baada ya Taverner.

Hapa ndipo ulipo uzuri wote wa muziki huu. Hakuna nyota, hakuna wasindikizaji. Wazo linaanzishwa na mmoja, linadakwa na wa pili, linageuzwa na wa tatu, na yeyote anaweza kulibeba kwa zamu yake. Kwa kawaida kila mpigaji alikuwa na kitabu chenye sehemu yake pekee, hivyo asingejua wenzake wanafanya nini bila kutega sikio. Muziki huu uliandikwa kwanza kwa ajili ya wanaoupiga. Msikilizaji alikuwa mgeni.

Kilele cha muziki huu kina sura nyingi. John Dowland alichapisha mwaka 1604 vipande saba vya machozi, vyote vikianza kwa mteremko uleule wa sauti. William Lawes alipenda migongano mikali inayomshtua hata msikilizaji wa leo. Aliuawa mwaka 1645 karibu na mji wa Chester, akipigania upande wa Mfalme Charles wa Kwanza katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita hivyo vikiendelea, John Jenkins aliishi katika nyumba za mabwana wa mashambani, akaendelea kutunga.

Kilichouzima muziki huu ni ladha ya ikulu. Charles wa Pili, aliyerejea kutoka uhamishoni mwaka 1660, alitaka fidla 24 kwa mtindo wa Kifaransa na muziki wa kugongea mguu. Purcell alipoandika fantasia zake, yaani vipande huru kama kile cha noti moja, mtindo ulikuwa umeshapita. Hazikuchapwa maishani mwake. Vayoli za makundi zilinyamaza Uingereza kwa miaka karibu 200, hadi Arnold Dolmetsch, mzaliwa wa Ufaransa, alipoanza kuzitengeneza na kuzipiga tena mwishoni mwa karne ya 19.

Watunzi walio hai wamerudi kwenye ala hii kwa wingi, hasa tangu kundi la wapigaji vayoli la Fretwork lianzishwe mwaka 1986. George Benjamin aliandika Upon Silence mwaka 1990, kwa mwimbaji wa kike na vayoli tano, juu ya shairi la Yeats. Gavin Bryars aliitikia In Nomine ya Purcell kwa kutunga ya kwake. Nico Muhly, Mmarekani, alitunga My Days mwaka 2012 kumkumbuka Gibbons, akaunganisha zaburi na taarifa ya uchunguzi wa maiti yake ya mwaka 1625. Kazi bora kati ya hizi ni zile ambazo hazizilazimishi vayoli kupiga kelele.

Msomaji anayetaka kuingia aanze na fantasia za Gibbons za sauti tatu, kwa sababu sikio linaweza kumfuata kila mpigaji bila kupotea. Akishazoea, amsikilize Lawes wa sauti sita, tena kwa sauti ya juu kidogo na bila kufanya kazi nyingine.