Taa inawaka, pesa hazitoki

Ilikuwa mwishoni mwa Januari 2024, siku zile za mgawo wa umeme. Saa nne asubuhi foleni ya ATM ilikuwa imeshapinda kona hadi chini ya mwembe. Mbele yangu alisimama mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye pensheni yake ilikuwa imeingia tangu juzi. Mlinzi alimwamkia.

"Shikamoo mama. Mtandao bado."

"Marahaba mwanangu. Mbona taa inawaka humo ndani?"

Kijana wa watu hakuwa na jibu. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya tawi, kiyoyozi kinadondosha maji, kioo cha mashine kinang'aa, lakini kimeandika kwamba huduma haipatikani.

Swali la yule mama nimelipeleka kwa mafundi kadhaa tangu siku ile, na hakuna aliyelishangaa. ATM haiwezi kukupa hata noti moja kwa uamuzi wake. Ukibonyeza kiasi unachotaka, ombi linasafiri hadi kwenye kompyuta kuu za benki, salio linaangaliwa, kisha ruhusa inarudi. Njiani ombi linapita kwenye kisanduku cha mawasiliano kilichobanwa ukutani, linapanda dishi la juu ya paa au linafuata mkonga wa ardhini, pengine linapitia mnara wa simu ambao nao una betri na jenereta yake. Kimoja kikizima, mashine yenye umeme tele inageuka kabati la chuma lenye pesa ndani. Siku ile kilichokuwa kimezima ni kisanduku cha ukutani. Kilichomekwa kwenye soketi ambayo haikuunganishwa na jenereta. Kifaa kinachokula umeme kidogo kuliko balbu za zamani kiliwasimamisha watu juani nusu siku.

Wengi hudhani kazi ni kununua jenereta kubwa. Hesabu inasema vingine. Mashine ya kutolea fedha kwa kawaida hutumia wati 100 hadi 300 tu. Kiyoyozi kidogo cha kibandani hula wati 800 au zaidi. Betri moja ya volti 12 yenye amp-saa 100 imebeba wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya risasi na asidi, fundi mwangalifu atatumia nusu yake tu ili asiiue. Wati-saa hizo 600 zitaendesha mashine ya wati 200 kwa karibu saa tatu. Ukikiunganisha kiyoyozi kwenye betri hiyohiyo, huna hata saa moja. Kwa hiyo cha kwanza ni kuamua nini kibaki kwenye betri na nini kisubiri jenereta: mashine na mawasiliano vibaki, ubaridi usubiri.

Hata betri ndogo kabisa ina kazi isiyoonekana. Chukua mteja ambaye benki imeshakata pesa kwenye akaunti yake, mashine inahesabu noti, na umeme unakatika sekunde hiyo. Bila akiba ya umeme, mashine inazima ghafla na kadi ikiwa bado tumboni mwake. Mteja anatoka mikono mitupu na salio limepungua. Pesa zake hazijapotea, kwa maana mashine huweka kumbukumbu ya kila tendo, na noti zilizobaki kwenye kaseti, yaani masanduku ya noti ya mashine, zikihesabiwa ukweli unaonekana. Lakini kurejeshewa kunaweza kuchukua siku, na mtu aliyekuja kutoa nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali hana siku za kusubiri. Dakika tano za betri zingemaliza muamala ule na kurudisha kadi.

Nimesikia watu wakisema kwamba siku hizi hakuna haja ya ATM, tutatoa kwa wakala. Nami natoa kwa wakala kila wiki. Ila simu ya wakala inategemea mnara uleule, na noti zilizo kwenye droo yake zinatoka benki. Tawi na ATM zikilala siku mbili, kufikia jioni ya pili wakala naye anakwambia ana floti kwenye simu ila hana pesa mkononi.

Waliojua kwa undani maana ya kukosa umeme kwa siku nyingi ni watu wa Unguja. Kisiwa kilikuwa kinapata umeme kupitia mkonga wa baharini uliotandazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba. Umeme huo ulipokatika Mei 2008, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 umeme ulikatika tena, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Benki, hoteli na maduka viliishi kwa jenereta zilizonunuliwa kwa ajili ya saa chache. Jenereta ya dizeli kwa kawaida hubadilishwa oili kila baada ya saa 250 hivi. Ikifanya kazi usiku na mchana, hizo ni siku kumi tu. Katika miezi mitatu unabadilisha mara nane au tisa, na huku dizeli inavuka bahari na mjini kila mtu anaitafuta. Mkonga mpya wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani, ulizinduliwa mwaka 2013.

Hata hivyo kuwa na jenereta hakutoshi. Agosti 25, 2023, Kenya ilipokumbwa na giza karibu nchi nzima, abiria wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta walikaa gizani kwa sababu jenereta moja haikuwaka. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani. Kama uwanja mkubwa hivyo unaweza kukwama, kibanda cha pembeni mwa soko kinahitaji jicho la karibu zaidi.

Betri nazo zinauawa na joto la pwani. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi joto 10 juu ya 25 zinakata nusu ya umri wa betri ya risasi. Iliyotengenezwa kuishi miaka mitano, kwenye kibanda chenye nyuzi 35 itaishi miwili na nusu. Na inakufa umeme ukiwepo, taa ya kijani ikiwaka, bila mtu kujua.

Ndiyo maana nilifurahi nilipomkuta fundi kwenye kibanda cha ATM ileile, Jumanne moja yenye umeme safi. Alimwomba mlinzi awasubirishe wateja, akashusha swichi kuu kwa makusudi, akatazama saa yake. Mashine iliendelea kunguruma. Mama mmoja aliuliza kwa nini anazima umeme uliopo.

"Naipima, mama. Nivumilie kidogo."

Betri zilitakiwa kudumu saa mbili. Mashine ilizima dakika ya 11. Fundi akafungua kabati la chini, akatoa betri ya tatu, tumbo lake limevimba kama mkate, akaiweka sakafuni na kuanza kuandika tarehe ya siku ile juu ya betri mpya kwa kalamu nene nyeusi.