Kitu "kilichopitwa na wakati" ni kitu gani?

Kuna maneno matatu yanayosikika sana siku hizi kwenye mikutano ya kijiji, dukani, nyumbani, na hata kwenye vipindi vyetu wenyewe: "kimepitwa na wakati." Mtaalamu anasema kilimo hiki kimepitwa na wakati. Kijana anamwambia baba yake simu yake imepitwa na wakati. Mgeni kutoka mjini anasema mila fulani zimepitwa na wakati. Aliyeambiwa mara nyingi hunyamaza, kwa sababu hakuna anayependa kuonekana amebaki nyuma.

Leo tunataka tuyaangalie maneno hayo kwa utulivu, maana hili si jambo la darasa la Kiswahili tu. Mkulima wa Nanyamba asiyetofautisha dawa ya zamani na dawa iliyokwisha muda anaweza kupoteza msimu mzima. Mama aliyeweka akiba sandukuni anaweza kukuta pesa yake haipokelewi. Na kijiji kinaweza kuacha kitu kizuri, au kikaendelea na kitu kibaya, kwa sababu tu ya neno lililotumika vibaya.

Maneno yenyewe yanasema nini

Tuanze na "kupitwa". Ukisimama barabarani ukisubiri gari la kwenda Mtwara mjini, nalo likapita bila kusimama, umepitwa na gari. Wewe hujaugua wala hujazeeka. Umebaki pale pale, gari limekwenda.

Hapa kinachopita ni wakati. Kitu kilichopitwa na wakati ni kitu kilichobaki kama kilivyokuwa, huku mambo yanayokizunguka yamebadilika, mpaka hakiwezi tena kufanya kazi yake, au kinaifanya vibaya kuliko kilichopo sasa. Kwa hiyo kitu hicho si lazima kiwe kimeharibika. Kinaweza kuwa kizima kabisa.

Mfano mzuri ni televisheni. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, matangazo ya analojia yalianza kuzimwa nchini kwetu, Dar es Salaam ikitangulia. Asubuhi yake kulikuwa na televisheni nzima, zenye rangi nzuri na sauti safi, ambazo hazikupata picha. Televisheni hazikuharibika. Kilichobadilika ni mawimbi. Aliyenunua king'amuzi na kukiunganisha, televisheni yake ileile ikarudi kazini. Huko ndiko kupitwa na wakati hasa, na mfano huu unatuonyesha pia kwamba kilichopitwa si lazima kitupwe. Wakati mwingine kinahitaji kuongezewa kitu kimoja tu.

Maneno yaliyo jirani yake

Kiswahili kina maneno mengi kwa vitu vya siku nyingi, na kila moja lina mahali pake.

"Ya kale" ni ya miaka mingi sana iliyopita, na mara nyingi neno hili lina heshima. Tunasema mji wa kale wa Mikindani. Hakuna anayesema Mikindani ni mji uliopitwa na wakati. Umri wake ndio unaoleta wageni.

"Ya zamani" inataja muda tu. Shule yangu ya zamani ni ile niliyosoma mwanzo. Huenda ikawa bora kuliko ya sasa.

"Ya kizamani" si sawa na "ya zamani". Hiyo "ki" inataja namna, yaani mtindo wa watu wa zamani, na mara nyingi ina dharau ndani yake. Gauni la zamani ni lililoshonwa miaka iliyopita. Gauni la kizamani linaweza kuwa limeshonwa jana, ila kwa mshono wa bibi.

"Kuukuu" na "chakavu" ni maneno ya kuchoka kwa matumizi. Nguo kuukuu imepauka na kulika. Gari likifika hapo, mtaani huitwa mkweche. Lakini kitu kuukuu kinaweza kuwa bado kinahitajika kila siku, kama jembe lililolika ambalo hujapata la kulibadilisha.

"Mkongwe" ni aliyekaa muda mrefu katika jambo. Mwanamuziki mkongwe ni sifa, si tusi.

Na liko neno tunalolipenda sisi watu wa redio: "zilipendwa". Ndilo jina la nyimbo za dansi za miaka ya nyuma. Angalieni neno lenyewe. Halisemi nyimbo hizo zimechoka wala zimepitwa. Linasema zilipendwa, na anayeomba zipigwe tena anaonyesha kuwa bado zinapendwa.

Pesa: ya zamani si lazima iwe imekwisha

Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuziondoa kwenye mzunguko noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025, kwenye ofisi za Benki Kuu na benki za biashara. Baada ya hapo noti hizo hazikuwa tena pesa halali ya malipo.

Hapa tofauti ya maneno inagusa mfuko. Noti ya toleo la mwaka 2003 iliyotunzwa sandukuni ikiwa haina hata mkunjo si kuukuu, lakini thamani yake imeondolewa. Noti ya elfu moja ya toleo la mwaka 2010, iliyochoka kwa kupita mikono mingi sokoni, ni kuukuu kweli, lakini haikuwamo kwenye orodha ile. Nayo noti ya mia tano ilikwishapata mrithi tangu mwaka 2014, ilipokuja sarafu ya mia tano.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Hii pesa ya zamani, nipe kwa nusu bei nikusaidie," usiiachie mkononi mwake. Uzamani wa noti haumalizi thamani yake. Thamani humalizwa kwa tangazo la Benki Kuu, na tangazo hutaja toleo na tarehe. Nenda benki uulize kwanza.

Dawa za korosho: kuna mambo manne tofauti

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, maneno haya yanachanganywa sana madukani. Tuyatenganishe.

Dawa ya zamani ni ile ambayo imekuwepo sokoni kwa miaka mingi. Salfa ya unga ni ya zamani kwetu, imetumika miaka na miaka dhidi ya ubwiriunga. Uzamani wake si kasoro.

Dawa iliyokwisha muda ni ile ambayo tarehe yake ya mwisho wa matumizi imepita. Hili halina mjadala wala ushabiki. Tarehe imeandikwa kwenye mfuko au chupa. Ikiwa imepita, usinunue, hata kama bei imeshuka.

Dawa iliyoharibika inaweza kuwa na tarehe nzuri kabisa, lakini imelowa, imeganda au imekaa juani. Tarehe inaeleza dawa iliyotunzwa vizuri, haiwezi kuitetea iliyotunzwa vibaya.

Dawa iliyopitwa na wakati ni jambo la nne. Hii ni nzima na tarehe yake haijapita, lakini wadudu wameizoea, au imepatikana nyingine yenye madhara machache, au imeondolewa kwenye orodha ya zinazoruhusiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Hilo huwezi kuliona kwa kutazama mfuko. Muulize afisa ugani, au wataalamu wa utafiti wa korosho wa TARI Naliendele pale Mtwara.

Muuzaji akisema, "Haina shida, ni ya zamani kidogo tu," muulize ana maana ipi kati ya hizo nne. Kama hawezi kujibu, tafuta duka lingine.

Imepitwa kwa kazi gani?

Chukua simu ya kitochi, ile ya vitufe. Je, imepitwa na wakati? Kwa kusoma makala kama hii, pengine ndiyo. Kwa kupiga, kupokea ujumbe, kutuma na kupokea pesa, hapana. Na kwa kukaa na chaji siku kadhaa kijijini ambako umeme hauaminiki, inaishinda simu kubwa.

Ndiyo maana kusema tu "imepitwa na wakati" hakutoshi. Kitu hupitwa katika kazi fulani. Hata utaratibu wa kuuza korosho ni hivyo. Kwa miaka mingi wanunuzi waliandika bei zao kwenye karatasi, zikatiwa kwenye sanduku na kufunguliwa mbele ya wakulima. Kuanzia msimu wa 2024/2025 mnada ukahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Sanduku lilipitwa katika kazi ya kukusanya bei. Lakini ile desturi ya wakulima kukusanyika, kusikia bei kwa masikio yao na kuikubali au kuikataa haijapitwa. Mfumo mpya unaifanya ihitajike vilevile.

Mila na sheria: hapa neno hili linaweza kupotosha

Sasa tufike penye uzito. Kwetu huku, jando na unyago vimetajwa mara nyingi pamoja na maneno "mila zilizopitwa na wakati". Sisi tunaona neno hilo linakosea pande zote mbili.

Kwanza, linahukumu kitu kwa umri wake. Kumfundisha kijana heshima, usafi wa mwili na wajibu kwa jamaa zake ni jambo la kale, na bado linahitajika. Ukiliita limepitwa na wakati bila kusema kosa lake, umelitupa bila kulisikiliza.

Pili, na hili ni baya zaidi, linavipunguzia uzito vitu vyenye madhara. Kutumia wembe mmoja kwa watoto wengi, au kumtoa mtoto shuleni wiki kadhaa za masomo, au kumwandaa binti mdogo aolewe, hayo si mambo ya kuitwa "yamepitwa na wakati". Ukisema hivyo unakiri kwamba kuna siku yalikuwa sawa. Yaite kwa jina lake: yanaumiza. Yaliumiza zamani na yanaumiza leo.

Mahakama zetu zimetupa mfano wa kusema sawasawa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akitakiwa awe na miaka 18. Watu wengi waliiita sheria iliyopitwa na wakati. Rebeca Gyumi alipoipeleka mahakamani, Mahakama Kuu mwaka 2016 haikuishia kwenye umri wa sheria hiyo. Ilisema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa havimpi msichana haki sawa na mvulana. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi huo. Hiyo ni sababu inayoweza kutajwa na kujibiwa. "Ya zamani" peke yake si sababu. Katiba yenyewe ni ya mwaka 1977, nayo haijawa mbaya kwa kuzeeka.

Na watu je?

Kiswahili kinaruhusu kusema "fulani amepitwa na wakati", lakini tunashauri neno hilo lisielekezwe kwa mtu, hasa mzee. Kama njia anayotumia haifai tena, itaje njia. Badala ya "Baba, umepitwa na wakati," sema "Baba, namna hii ya kuanika imeleta ukungu mwaka jana, tujaribu ile nyingine." Ujumbe ni uleule, lakini wa pili una sababu ndani yake, na baba ana nafasi ya kujibu.

Tujifunze kwa mkorosho

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho kiasi cha tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mashamba yao, bei haikuwa nzuri, na ubwiriunga ukaingia. Ilikuwa rahisi kusema mikorosho ile imezeeka, imepitwa na wakati, ikatwe iwe kuni.

Lakini wataalamu wa Naliendele wamefundisha njia nyingine. Mkorosho mzee wenye mizizi mizima unakatwa juu, machipukizi yakitoka yanabebeshwa vikonyo vya mbegu bora. Kilichoondolewa ni kile kilichopitwa. Kilichobaki ni mizizi iliyokwishaujua udongo wa hapa.

Basi ukisikia tena kwamba kitu chako kimepitwa na wakati, usinyamaze wala usikasirike. Uliza maswali matatu. Kimepitwa na nini? Kimepitwa kwa kazi gani? Na tatizo lake hasa ni umri, uchakavu, tarehe au madhara? Anayejua anachosema atakujibu. Na wewe utajua kama ni cha kutupa, cha kutunza, au cha kubebesha.