Asante ya Peremende

“Mwalimu, mtoto wangu hasemi asante. Nimfanyeje?” Nimeulizwa hivyo kwenye mikutano ya wazazi, ndani ya matatu ya Ahero, na juzi sokoni Katito, na mama aliyekuwa akipimiwa omena. Dawa alikuwa ameshapewa shuleni: anunue peremende. Mtoto akishukuru au akimsaidia mwenzake, apewe moja na nyota ibandikwe kwenye chati ukutani. Nyota tano, pakiti nzima.

Kiboko sikigusi, kilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001 na anayekitumia anajua anavunja sheria. Peremende ndiyo inayonikera, maana inaonekana ya upole na walimu wanaipokezana kama mbegu bora.

Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig, Ujerumani, walichapisha jaribio la watoto wa miezi 20. Mtu mzima anaangusha kitu, hakifikii, mtoto anamwokotea. Baadhi ya watoto walizawadiwa kitu cha kuchezea, baadhi wakasifiwa, baadhi hawakupewa chochote. Baadaye zawadi zilipokoma, waliopungukiwa na moyo wa kusaidia ni wale wale waliozawadiwa. Utafiti ulihusu kusaidia, sawa, si kusema asante. Lakini, walimu, chati yenu inalipia yote mawili, na mtoto aliyekuja shuleni akisaidia bure mnamfundisha kudai malipo. Halafu mnaniuliza kwa nini wiki ambayo peremende zimeisha darasa zima limekuwa na roho ya korosho!

Na hiyo asante yenyewe inaelekezwa kwa nani? Nilikuwa nyuma ya darasa moja la awali, PP2, huku Nyakach. Msichana hakuwa na raba. Mvulana wa pembeni yake akaing’ata ya kwake katikati, akafuta mate kwenye sweta, akampa kipande. Msichana akaanza kufuta. Mwalimu akagonga meza: “Unasema nini?” Mtoto akainua macho, akamtazama yeye, akasema, “Asante, mwalimu.” Akapata nyota. Mwenye raba hakuambiwa kitu na yeyote.

Neno lenyewe tulilitoa kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni “umefanya vyema”. Huwezi kumwambia mtu amefanya vyema kama hujaona alichofanya. Mtoto wa miaka minne hushindwa hapo, kwenye kuona. Uji kwake hutoka jikoni kama maji yatokavyo mferejini. Kwamba kuna mtu aliamka gizani akawasha kuni, hilo halijui mpaka aonyeshwe.

Basi muonyesheni. Wapelekeni jikoni wawili wawili, wamwone mpishi akikoroga sufuria, wamjue kwa jina. Wapeni zamu ya kugawa vikombe, maana aliyewahi kumwaga uji wa wenzake huuangalia uji kwa jicho jingine. Taja tendo na mtendaji: “Raba hiyo amekukatia Otieno,” kisha nyamaza, akisema kitu, vyema, asiposema, endeleeni na somo. Mwalimu ashukuru kwanza, kwa jina, anapofutiwa ubao. Sifa ya maneno machache inatosha. Mtoto akisema “erokamano”, yaani asante kwa Kijaluo, msimrekebishe: hadi gredi ya tatu sera ya elimu yenyewe inataka afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na hiyo ndiyo lugha ambayo humsikia nyanya yake akishukuru kwayo. Ugomvi ukitokea, usilazimishe “samahani” ya haraka. Muulize aliyekosa atarekebisha nini. Nyumbani ni vivyo hivyo, na kumnyima mtoto chakula mpaka atamke neno, mzazi, tuache.

Chati msiitupe. Upande wa nyuma ni mweupe, watoto wanaweza kumchorea mpishi sufuria yake.