Aliyehesabiwa na Asiyehesabiwa: Takwimu za Misaada, Kuanzia Vijiji vya Hali ya Hatari

Ripoti za misaada wakati wa vita huwa na takwimu za aina mbili, na ni rahisi kuzichanganya. Moja huhesabu kilichotolewa: tani za unga, mablanketi, familia zilizofikiwa. Nyingine huhesabu hali ya watu wenyewe: wangapi wanakufa, watoto wangapi wana utapiamlo. Aina ya kwanza hupatikana bila taabu kwa sababu kila gunia lina stakabadhi, na ndiyo hujaza kurasa za mbele. Lakini gunia lililoshushwa Ijumaa si ushahidi kwamba mtoto alikula Jumamosi.

Kipimo ambacho wataalamu wa afya hukitegemea zaidi ni vifo kwa siku katika kila watu 10,000. Kifo kimoja kwa siku kwa kiwango hicho huhesabiwa kuwa dharura. Kambi ya watu 20,000 inayozika wawili kila siku imeshafika hapo. Ugumu uko kwenye hizo 20,000. Kaya nyingine hujiandikisha mara mbili, na jamaa hukawia kutangaza kifo wasije wakapunguziwa mgao. Vifo vikifichwa huku idadi ya walio hai ikizidishwa, kambi yenye njaa huonekana kwenye karatasi kuwa na nafuu.

Nyeri ina mfano wake, na ni wa zamani kuliko mashirika mengi yanayotoa misaada leo. Hali ya Hatari ilitangazwa nchini Kenya Oktoba 1952, kukabili uasi wa Mau Mau. Kuanzia katikati ya 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja wa nchi ya Wakikuyu na majirani zao, ikawaweka katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa. Kafyu iliwazuia akina mama kufika mashambani, na njaa ikaingia. Shirika la Msalaba Mwekundu la Uingereza na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake waligawa maziwa na chakula. Hesabu rasmi ya vita, kwa upande wake, ilitaja wapiganaji wa Mau Mau 11,503 waliouawa na raia wa Kizungu 32. Mtoto aliyekufa kwa kuhara kijijini hakuwa na safu katika jedwali hilo. Kwa hiyo maziwa yalionekana kuwa ukarimu wa serikali, wakati ukweli ni kwamba yalikuwa dawa haba ya jeraha ambalo serikali hiyo hiyo ililisababisha.

Miaka hamsini baadaye watafiti walijaribu kuijaza safu iliyokosekana. Katika kitabu chake cha 2005, Caroline Elkins alilinganisha sensa za 1948 na 1962, akaona kwamba Wakikuyu hawakuongezeka kwa kasi ya Wakamba, Waluo na Waluhya. Kutokana na tofauti hiyo alikadiria kwamba watu kati ya 130,000 na 300,000 hawajulikani walikokwenda. Mwaka 2007 John Blacker, mtaalamu wa idadi ya watu aliyezifahamu vyema sensa za Kenya, alipinga njia hiyo: jamii mbili zinaweza kukua kwa kasi tofauti kwa sababu ya uzazi na afya tu, bila vita. Yeye aliangalia umri na jinsia, akapata vifo vya ziada vipatavyo 50,000, karibu nusu vikiwa vya watoto wa chini ya miaka kumi. Idadi ya Blacker ni ndogo, lakini kwa suala la misaada ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa inaonyesha kifo kilikuwa wapi: kwa watoto wadogo, mbali na mapigano ya msituni.

Mabishano ya namna hiyo yalizuka pia kuhusu vita vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Shirika la International Rescue Committee lilikadiria vifo vya ziada milioni 5.4 kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007, vingi vikitokana na magonjwa na utapiamlo. Neno “ziada” linazua swali: juu ya nini? Waliokadiria walianza na kiwango cha vifo 1.5 kwa mwezi kwa kila watu 1,000, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2010 wakosoaji walisema Kongo ilikuwa na afya mbaya hata kabla ya vita, na kwamba 2.0 ingefaa zaidi. Nusu hiyo ya kifo ilitosha kuyashusha makadirio ya miaka ya mwisho hadi chini ya theluthi moja. Hakuna maiti hata moja iliyoondolewa kaburini. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia kuhesabu.

Nchini Kenya, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilileta tatizo jingine, la mtu asiye na hema. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliokufa 1,133. Kuhusu waliofurushwa, idadi iliyosikika kwanza ilikuwa 350,000, yaani waliokuwa kambini. Baadaye orodha ya serikali ilifika 663,921, kwa kuwa iliwaongeza 313,921 waliojihifadhi kwa jamaa au katika nyumba za kupanga. Karibu nusu ya wenye shida, basi, hawakuwa mahali ambapo lori la chakula lilisimama. Familia iliyotoka Bonde la Ufa ikapanga chumba Majengo, Nyeri, au ikabanana na shangazi Nanyuki, haikupigwa picha. Mwenyeji wake, aliyegawana nao unga wake, hakuwa katika orodha yoyote.

Operesheni Rudi Nyumbani, mpango wa kuwarudisha waliofurushwa, ilipoanza Mei 2008, serikali iliahidi kila kaya shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Mafanikio yalipimwa kwa kambi zilizofungwa. Wengi walihamia kambi ndogo karibu na mashamba ambayo waliogopa kulala, na katika hesabu ya kambi kubwa walikuwa wameshaondoka. Wapangaji wa mjini hawakuonekana hata katika kupungua huko kwa kambi, maana hawakuwa na kambi ya kufungwa. Watu wa aina hii hupatikana kwa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika mitaa iliyochaguliwa kwa kura, na kwa daftari za shule na zahanati, ambako wanafunzi na wagonjwa wapya huandikwa bila kuulizwa kama ni wakimbizi.