Baiskeli ya kwenye boksi: yapi ya kukagua kabla ya mteremko?

Septemba 2025, Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Kwa mkazi wa Ndera, wilayani Gasabo, aliyeagiza baiskeli kwa njia ya intaneti, kazi huanza boksi linapofunguliwa: mara nyingi gurudumu la mbele, usukani na pedali huwa bado havijafungwa.

Kwanza, uma wa mbele uangaliwe. Ncha zinazoshika ekseli zielekee mbele. Zikielekea nyuma, uma umegeuzwa.

Pedali nazo hazifanani. Yenye alama R hufungwa kulia, ikikazwa kwa kufuata mwendo wa saa. Yenye alama L hufungwa kushoto na hukazwa kinyume chake, ili isilegee kwa kukanyagwa. Anayelazimisha huharibu hesi.

Kupima usukani, simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, kisha jaribu kuuzungusha. Ukizunguka peke yake, skrubu hazijakaza. Nguzo ya kiti isivutwe kupita alama ya kikomo, na tairi zijazwe kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni.

Breki ndizo uhai katika milima ya Kigali. Zijaribiwe mahali tambarare, na mwendeshaji ajue ni mkono upi unaozuia gurudumu lipi, kwani mpangilio hutofautiana kati ya nchi na nchi. Mkono wa breki ukigusa usukani, baiskeli iende kwa fundi kwanza, wala isipelekwe mteremkoni.